Kinu Alichokichagua Ma Adela

Wiki iliyopita mlinipigia simu, vijana wangu, mkiuliza mnunue kinu gani cha kusagia kahawa ya espreso, maana kile cha dukani kimeanza kukohoa. Mlinitajia aina tatu na kunisomea sifa zake zote, na mmoja wenu akasema, "Mama Hadija, wewe tuambie jina tu, sisi tutaagiza." Nimestaafu juzijuzi tu, nami nilidhani mtu akistaafu huachwa apumzike. Niko hapa Bowie, mji mdogo huku Marekani, kwa binti yangu, mtaa ambao bila gari hata chumvi huipati, kwa hiyo muda ninao. Badala ya jina nimeona niwaandikie habari yenyewe, kwa sababu jina la kinu halitawafaa kitu kama hamjui kitashikwa na mkono wa nani.

Sitaandika habari za mshahara wala lini nilipewa usimamizi. Mshahara mliuona kwa viatu vyangu, na usimamizi ni kupokea simu za watu ambao hawaji kazini. Nitaandika habari za vinu, na za mwanamke aliyenifundisha kuvitumia, Ma Adela. Ni habari ya huzuni, nawaambia mapema ili asiyetaka aache hapa hapa akaoshe vikombe.

Nilianza kazi pale Silver Spring miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Nilitoka Morogoro nikimfuata mume aliyekuwa akisoma chuo kikuu pale College Park. Alimaliza masomo yake, na sisi tukamalizana, na mimi nikabaki na mtoto wa kike wa miaka mitatu na koti moja la baridi. Mwanamke mmoja niliyekutana naye kwenye duka la vyakula vya Kiafrika aliniambia kuna mgahawa wa kahawa karibu na kituo cha treni unaotafuta mtu, na mwenyewe anasema Kiswahili ingawa ni Mmarekani. Nilidhani ananitania.

Mwenyewe alikuwa Lonnie, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni na kukipenda kuliko sisi tuliozaliwa nacho. Alisema Kiswahili cha vitabuni, kila neno limepigwa pasi. Kosa lake lilikuwa moja: alimwamkia kila mtu shikamoo, hata mtoto anayekuja kununuliwa keki. Tulimweleza mara nyingi. Alitushukuru kwa dhati kila mara, na kesho yake akarudia. Kwa sababu ya mapenzi yake hayo, kaunta yake ilikuwa imejaa watu wa kwetu: Otieno wa Kisumu upande wa maziwa, na Ma Adela wa Bukoba upande wa kinu.

Siku ya kwanza nilimkuta Ma Adela amesimama mbele ya kinu chake, mtu mzima, mpana wa mabega, kilemba cheupe na aproni nyeupe zaidi. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akasema, "Fungua mkono."

Alikuwa ameshika kitu kwenye ngumi. Kwao Uhaya mgeni hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na majani yenye harufu zikakaushwa, nazo hupewa kabla ya mazungumzo yoyote. Mimi sikuyajua hayo. Nilifungua mkono ulionijia kwanza, na kwa kuwa mimi ni mashoto, ukawa wa kushoto. Ngumi yake ikarudi nyuma.

"Huo mwingine."

"Mimi ni mashoto, Ma."

"Waitu!" akashangaa kwa lugha ya kwao. "Mungu amekupa yote miwili. Huo wa kushoto utumie kwako. Hapa uko kwa watu."

Nikatoa wa kulia, akaniwekea buni mbili kiganjani, nikatafuna. Zilikuwa chungu na tamu kidogo kwa mbali. Tangu siku ile nilitoa vikombe kwa mkono wa kulia na kufanya kila kitu cha kaunta kwa mkono wa kulia, na kila asubuhi kabla hatujafungua mlango Ma Adela alitupa buni zetu, mmoja mmoja, kama komunyo. Otieno alizimeza bila kutafuna na kudhani hatumwoni.

Sasa kinu chenyewe. Ninyi mmezoea vya kubonyeza, kwa hiyo nieleze. Kile chetu kilikuwa na chupa ya buni juu, visahani viwili vya meno ndani, na mbele yake kopo la duara lililogawanywa vyumba, mithili ya chungwa ukilikata kati. Pembeni ya kopo, upande wa kulia, palikuwa na wenzo. Kahawa iliyosagwa iliangukia kwenye vyumba. Ukivuta wenzo, kopo linazunguka kidogo, na chumba kimoja kinamwaga kahawa yake kwenye kikombe cha chuma chenye mpini, ambacho sisi tulikiita mpini tu, unachoshikilia chini kwa mkono wa kushoto. Vuta, achia, vuta, achia. Mlio wake ulikuwa ta-ka, ta-ka, na ulisikika hadi kwenye ngazi za kituo cha treni.

Waliotengeneza kinu kile walikusudia ujaze vyumba vyote mapema, kisha uwe unavuta kipimo kila mteja anapokuja. Ma Adela hakutaka kusikia. Alisema kahawa iliyosagwa ni sawa na ugali uliokwisha pakuliwa, haumsubiri mtu njiani. Utaratibu wake ulikuwa huu: mteja akiagiza ndipo kinu kinawashwa, kinasaga ya mteja huyo tu, kisha anavuta wenzo harakaharaka mpaka vyumba vyote viwe vitupu, anapiga kopo kwa kiganja ubavuni, anavuta tena kidogo. Hakuacha hata chembe ya jana. Mikono iliyozoea ingeweza kufanya hivyo siku nzima, lakini ilikuwa kazi ya bega hasa. Kumbukeni utaratibu huo, kwa sababu ndio uliokuja kuamua mambo.

Alinifundisha mengine pia. Kwamba kiangazi cha hapa, kile cha unyevu unaolifanya shati ligande mgongoni, kahawa huvuta maji ya hewani na maji ya moto hupita kwa shida, basi legeza meno kidogo. Kwamba kipupwe, wakati mabomba ya joto yamekausha hewa, unga wa kahawa huruka na kujibandika kila mahali, hata kwenye nyusi. Alisikiliza kinu kabla ya kukitazama. Mara nyingi nilimwona akigeuza pete ya kurekebisha meno huku akizungumza na mteja juu ya mambo ya ubalozini, na kahawa ikatoka sawasawa.

Kipupwe changu cha pili kazini nilianguka. Mvua ilinyesha usiku ikaganda, na asubuhi kituo cha basi kilikuwa kioo kitupu. Niliangukia bega la kulia. Nilisikia kitu ndani kikisema neno moja na kunyamaza. Bima sikuwa nayo, mtoto nilikuwa naye, basi nikapanda basi nikaenda kazini, na bega lile halijapona mpaka leo. Sikumwambia mtu. Nilijifunza kuvuta wenzo kwa uzito wa mwili badala ya mkono. Zamu ya Ma Adela kupumzika ikifika na mimi nikashika kinu, kama hakuna anayetazama, nilipitisha mkono wa kushoto mbele ya tumbo langu nikavuta nao, nimejipinda kama mtu anayejikuna mgongo. Nikisikia hatua zake nyuma, nabadilisha. Niliamini kabisa kwamba nimejificha vizuri.

Ni katika kipupwe hicho hicho nilipouona mkono wake. Alikuwa ananipa buni za asubuhi, na buni zikacheza kiganjani mwake kabla hazijafika kwangu. Nilidhani ni baridi. Lakini kiangazi kikaja na bado mkono ule wa kulia ulitetemeka, na ulitetemeka zaidi ukiwa hauna kazi. Akiwa amesimama tu akizungumza, vidole vyake vilisugua hewa kana kwamba vinahesabu tasbihi. Akaanza kuutia mfuko wa aproni. Na jambo la ajabu, ambalo nililiona kwa macho yangu mamia ya mara: akishika wenzo, mkono unatulia. Anauvuta, unatulia tuli, ta-ka, ta-ka, kama wa msichana. Akiuachia, tetemeko linarudi.

Otieno naye aliona. Siku moja tulipokuwa nyuma tunashusha maboksi ya maziwa akaniambia, "Umecheki mkono wa mathe?"

"Sijaona kitu."

"Wacha hizo, bana. Kila mtu ameona."

"Basi kama kila mtu ameona, haina haja ya kusema."

Alinitazama, akaelewa. Kwetu mtu mzima hustiriwa. Humwambii kwamba unaona anachokificha. Unapanga viti vizuri ili asijikwae, basi. Tukapanga viti. Mimi nikawa nabeba vikombe vyote kwenda kwa wateja, Otieno akawa anapokea mipini kutoka kwake moja kwa moja, na Ma Adela akabaki kwenye kinu, mkono wake kwenye wenzo tangu tunafungua mpaka tunafunga. Lonnie aliona tulivyojipanga akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka, "Naona mmegawana kazi kwa busara sana." Hakusema zaidi, wala sisi hatukusema. Nadhani alikuwa amejifunza hilo pia chuoni, au kwa mama yake.

Kwa hiyo mjue alichokuwa nacho mwanamke yule. Mume alimzika zamani, watoto wako mbali, chumba chake cha kupanga kilikuwa na dirisha linalotazama ukuta. Kaunta ile ndiyo ilikuwa baraza yake. Madereva wa teksi, wauguzi, watu wa ubalozi, wanafunzi wenye njaa, wote walipita mbele yake na kumwamkia. Alikuwa mtu kwa sababu ya pale, na pale palishikwa na kile kipande cha chuma upande wa kulia wa kinu.

Kisha kinu kikaanza kufa. Tulibadilisha meno, hakikupona. Mota ilitoa harufu ya nywele zilizoungua. Lonnie akatangaza kwamba safari hii hatununui cha mkononi mwa mtu, tunanunua kipya, kilicho bora kabisa. "Bibi Adela ndiye atakayechagua," akasema. "Lakini kwanza Hadija na Otieno waende wakavitazame, watuletee habari."

Tukaenda kwenye ghala la msambazaji, nje kidogo ya College Park, kwa gari la Otieno lisilokuwa na joto. Vinu vilikuwa viwili vya kushindana. Cha kwanza kilikuwa kaka mkubwa wa kile chetu: kopo, vyumba, wenzo upande wa kulia, lakini springi yake laini kiasi kwamba ungeivuta kwa kidole. Cha pili kilikuwa kipya kabisa sokoni. Hakina kopo wala wenzo. Unaweka mpini kwenye uma wa chuma, unabonyeza kitufe, saa ya ndani inahesabu, kahawa inashuka yenyewe moja kwa moja kwenye kikombe cha chuma, inakoma. Mikono yako iko huru kabisa. Muuzaji alirudia mara nyingi: mikono huru.

Otieno alipagawa. "Hadija, hii kitu ni moto! Una-press tu, unaenda ku-steam maziwa, unarudi iko ready."

"Nzuri," nikasema. "Tununue yenye wenzo."

"Why? Si sisi husaga moja moja? Hiyo ya lever ni ya watu wa kusaga mingi mara moja. Unalipia kopo ya nini?"

Alikuwa sahihi, na mimi nilijua kwamba yuko sahihi. Kwa utaratibu wetu wa kusaga ya kila mteja peke yake, kinu cha kitufe kilikuwa kimetengenezewa sisi. Nikamwambia tukiwa garini, pumzi zetu zikitoka moshi, "Otieno, mkono wa Ma Adela ukikosa wenzo utashika nini?"

Alifunga breki kwenye taa nyekundu. "Fiti," akasema. "Lever basi."

Mchana uliofuata, watu wa chakula cha mchana walipopungua, tulikaa meza ya dirishani, sisi watatu na Ma Adela, mkono wake mfukoni. Nilieleza kama wakili. Nikasema kinu cha wenzo kina nguvu zaidi, kopo huvunja mabonge ya unga, na vyumba huitandaza kahawa sawasawa. Nikasema kile cha kitufe wakati wa kipupwe kitatema unga kaunta nzima kwa sababu ya ukavu wa hewa. Hayo yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu yangu. Otieno akadakia, "Hata mimi naona ya lever ni poa, mathe. Hizi za button zikiharibika fundi utamtoa wapi?" Lonnie akasafisha koo: "Na mimi pia napendelea chenye wenzo." Tulikuwa watatu tunaimba wimbo mmoja, na sisi hatukuwa tumefanya mazoezi na Lonnie.

Ma Adela alitusikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Sisi hapa husaga vipi?"

"Ya kila mteja peke yake, Ma."

"Kopo linakaa na kahawa?"

"Halikai."

"Basi kopo la nini? Mtu hanunui ghala kama hana akiba. Chukueni cha kitufe."

Nikamgeukia. "Ma, lakini fikiria kwanza. Wewe umezoea…"

"Hadija." Alinitazama usoni. "Nimeulizwa, nimejibu."

Lonnie aliagiza cha kitufe. Mimi nilikasirika, nawaambia ukweli. Tulikuwa tumempangia viti kwa miezi mingi, na yeye amevipiga teke mbele yetu. Niliona ni kiburi cha wazee, kutaka kuonyesha kwamba hahitaji huruma ya mtu. Kwa siku kadhaa nilipokea buni zangu asubuhi nikasema ahsante bila kumtazama.

Kinu kipya kikaja. Kilikuwa kizuri, sitakisingizia. Asubuhi ya kwanza Ma Adela aliweka mpini kwenye uma, akabonyeza, kahawa ikaanza kushuka. Na yeye akasimama pale, hana la kufanya. Mkono wa kulia ukaning'inia hewani mbele ya wateja wote, ukatetemeka. Hakuutia mfukoni. Kijana mmoja wa ubalozini aliyekunywa kahawa yake kwetu kila siku aliutazama, akasema yale ambayo sisi tuliapa kutoyasema: "Mama, mkono una nini? Unaumwa?"

Duka zima lilisikia. Mashine ya maziwa ya Otieno ikanyamaza.

"Ni mwili, mwanangu," akasema Ma Adela. "Umechoka kabla yangu. Kahawa yako hii hapa." Akampa kwa mkono ule ule, kikombe kikagonga kisahani chake njia nzima.

Alifanya kazi majuma machache hivyo, mkono wazi, halafu akamwambia Lonnie kwamba anakwenda nyumbani, Bukoba, kwa dada yake. Lonnie alikwenda stoo akakaa huko muda mrefu. Alipotoka, macho mekundu, akamwambia shikamoo, na safari ile moja alikuwa amempata mtu sahihi.

Jumapili kabla hajasafiri nilikwenda kumsaidia kufunga mizigo. Masanduku mawili, mablanketi ya kugawa, sufuria ambazo alitaka nizichukue. Hasira yangu ilikuwa bado ipo. Nilipokuwa nakunja kanga zake nikashindwa kujizuia.

"Ma, kwa nini ulichagua kile? Ungebaki."

Akasema, "Inua mkono wa kulia. Juu, kama unachuma kitu."

Niliinua. Ulifika usawa wa kidevu, ukagoma.

"Tangu ile barafu," akasema. "Ulifikiri mimi sioni? Unavuta kwa kushoto umejikunja kama kamba. Ukisikia nakuja, unarudisha wa kulia, na uso unakuwa wa majivu."

Nikakaa juu ya sanduku. "Mbona hukusema?"

"Na wewe, wa kwangu mbona hukusema?"

Tulicheka, na kicheko kikageuka njiani, tukalia wote wawili, sisi watu wazima, sufuria zimetuzunguka. Kumbe alinipangia viti na mimi. Zile zamu ndefu alizokuwa akikaa kwenye kinu bila kutaka kupumzika, mimi nilidhani anajificha kwenye wenzo. Alikuwa pia ananiepusha nao.

"Daktari ameniambia mkono huu utakuwaje," akasema baada ya kujifuta. "Wenzo ungenituliza leo na kesho. Kesho kutwa hapana. Kinu kile kitakaa pale kaunta mimi nimeshasahaulika. Ningekuachia chuma cha kukumalizia bega, nawe una mtoto? Kinu hununuliwa kwa anayebaki, Hadija."

"Ungeniambia basi. Nilikununia."

"Ulininunia vizuri. Ulikuwa unanionea uchungu. Mimi sina mtoto hapa wa kuninunia."

Kisha akatia mkono kwenye mfuko wa kanga, akatoa ngumi yake, inatetemeka. Nikamkinga mkono wa kulia, kama alivyonifundisha. Ngumi ikarudi nyuma.

"Huo mwingine."

Sikuelewa. Akauchukua mkono wangu wa kushoto mwenyewe, akaufungua kidole kimoja kimoja, akaniwekea buni mbili kiganjani.

"Huu ni wa kwako," akasema. "Na sasa pale uko kwako. Fanya kazi nao."

Alisafiri Jumatano. Kwa miezi kadhaa nilinunua kadi za simu, zile za kukwangua, nikawa nampigia. Mwanzoni tulizungumza hadi kadi ikakatika. Baadaye sauti yake ikawa ya chini, maneno yanakuja moja moja, na dada yake akawa anashika simu kwa niaba yake. Asubuhi moja dada alipokea, na kabla sijamaliza kuamkia akasema, "Mwanangu, umekaa?" Nilikuwa nimesimama mbele ya kinu. Mteja alikuwa ameagiza. Nilibonyeza kitufe kwa mkono wa kushoto, nikasikiliza.

Tulifanya msiba wetu pale dukani baada ya kufunga, Wakristo kwa Waislamu, Lonnie akasoma sala kwa Kiswahili bila kukosea hata neno. Otieno alitafuna buni zake mpaka zikaisha. Niliendelea kufanya kazi kwenye kinu kile, na warithi wake, mpaka mkanikuta mimi nikiwa mzee wenu, na bega langu likanifikisha hapa kwa sababu ya Ma Adela. Kila mkiniona nabonyeza kwa mkono wa kushoto, mlikuwa mnamwona yeye. Sikuwahi kuwaambia kwa sababu nikimtaja pale kaunta nilikuwa siwezi kumaliza siku.

Kwa hiyo, vijana wangu, msiniulize jina. Jiulizeni mnasaga vipi: ya kila mteja peke yake, au mnajaza mapema kwa ajili ya msongamano wa asubuhi? Kama mnasaga mapema, chukueni chenye kopo. Kama hamsagi, msinunue ghala. Tazameni chupa isiwe ndefu kumpita mfupi wenu, na pete ya meno igeuke kwa vidole vyenye maji. Kisha mtazamane mikono. Yupo kati yenu anayeficha kiganja chake, siku zote yupo. Kumstiri ni wema, lakini msimstiri kwa kimya kirefu kama tulivyofanya sisi. Mimi na Ma Adela tulikaa bega kwa bega miaka ile yote, na mazungumzo ya kweli tulikuja kuyafanya juu ya masanduku, Jumapili moja.

Kinu cha zamani Lonnie alitaka kukitupa, nikakiomba. Kimenifuata kila nyumba niliyopanga, na sasa kiko jikoni kwa binti yangu, karibu na birika. Mota ilikufa zamani, kopo lina wenzo wake tu. Jana asubuhi mjukuu wangu alinikuta navuta. Ta-ka, ta-ka. Alichungulia ndani ya kopo, akaniuliza, "Bibi, what are you making? There's nothing in it."

"Najua, mama," nikamwambia. Bega lilikuwa linaniuma vibaya. Nikavuta tena, kwa ule wa kulia.